Hatua za Kila Siku kwa Ajili ya Mgonjwa

Mwaka 1817 mganga James Parkinson wa London aliandika habari za ugonjwa wa kutetemeka. Sehemu ya ubongo iongozayo mwendo wa mwili hudhoofika. Mikono hutetemeka, viungo hukakamaa, miguu huwa mizito. Dawa za kuupunguza ziko, lakini ya kuuponya haijapatikana. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyefika Kinshasa mwaka 1985 kumtangaza Anuarite kuwa mwenye heri, aliuvumilia ugonjwa huo miaka mingi mpaka kufa kwake mwaka 2005. Basi mkristu asiseme kwamba mzee atetemekaye amerogwa, wala kwamba ni mchawi.

Huko Uingereza wako watu wajifungao kwa ahadi: kutembea au kukimbia kila siku, mwezi mzima. Rafiki zao hutoa fedha kwa ajili ya ahadi hiyo, zikawasaidie wagonjwa na waganga watafutao dawa. Siku ya kwanza ni rahisi. Siku ya kumi mvua inanyesha, miguu inauma, wala hakuna aonaye. Hapo ndipo mapendo yanapojaribiwa.

Mkatekumeni naye ameahidi, na safari ya ubatizo si ya siku moja. Amchoteaye maji jirani mgonjwa kila alfajiri, akamshika mkono watembee polepole, maana mwendo humfaa mgonjwa huyo, afanya kazi ya Simoni wa Kirene, aliyemsaidia Bwana kuuchukua msalaba. Asiye na fedha ana miguu. Na Mungu huzihesabu hatua zake.