Kununua Hela kwa Hela

"Umenunua hela kwa hela?"

Swali hilo alinitupia mama jioni moja uani kwetu, Isevya, mwiko mkononi, ugali ukichemka jikoni. Mbele yangu, juu ya kigoda, nilikuwa nimepanga sarafu nne za kale, ninazisugua kwa limau na majivu zing'ae. Baadaye nilikuja kuambiwa na wanaojua kwamba kusugua huko ndiko kunakoiua thamani ya sarafu, lakini hayo yaacheni kwanza. Mama hakuuliza kwa hasira. Angeuliza kwa hasira ningejua pa kujibia, maana kelele hujibiwa kwa kelele. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa, na mimi, kijana niliyemaliza kidato cha nne, mwandishi chipukizi mwenye maneno mengi kijiweni, nikakosa neno hata moja.

Makala haya ni jibu nililochelewa kumpa.

Tuseme ukweli wote, ndugu msomaji. Fedha haikuwa yangu. Dada yangu aliyeko Mwanza alikuwa amenitumia sh. 60,000 nikalipie ada ya kozi ya umeme. Njiani, pale stendi, nikakutana na jamaa mmoja mwenye maneno laini na mfuko wa kitambaa. Mfukoni mlikuwa na rupia moja ya fedha yenye picha ya Kaizari amevaa kofia yake ya vita, na hela tatu za shaba. "Mali ya Mjerumani hii, mdogo wangu. Mwakani utaiuza mara kumi." Nikatoa sh. 45,000. Basi nikawa nimeingizwa mjini, na mjini nimezaliwa!

Mnaijua ile hadithi ya vijiweni kwamba rupia ya kweli huvuta punje za mchele? Yangu haikuvuta mchele. Yangu ilivutwa na sumaku ya spika mbovu ya redio, ikaganda kama kisoda. Fedha halisi haishikwi na sumaku. Ada haikulipwa, kozi ikaanza bila mimi, nikasubiri miezi sita mingine nikipiga soga chini ya mwembe.

Lakini niseme jambo moja, kwani hapo ndipo ugomvi wangu na mama ulipo. Hata kama zile sarafu nne zingekuwa halali zote, swali lake lingebaki palepale. Je, kitu kisicholiwa, kisichovaliwa wala kuezekea nyumba, kinastahili kutolewa fedha kwa sababu tu ni cha zamani na mtu anakipenda? Swali hili si la wa sarafu peke yao. Wewe unayekusanya stempu, wewe mwenye santuri ambazo huna hata gramafoni ya kuzipigia, wewe unayenunua jezi kuukuu ya mchezaji aliyestaafu kabla hujazaliwa, sote tuko kwenye benchi moja la washitakiwa.

Kwangu mimi ugonjwa huu una mizizi yake. Mtoto wa Tabora hawezi kuzungumzia sarafu kama mtoto wa mji mwingine, kwa maana mji huu uliwahi kutengeneza hela zake wenyewe. Ilikuwa mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walikuwa wamefunga njia ya bahari, sarafu haziji tena kutoka Ujerumani, na serikali ya kikoloni ilikuwa imekimbilia huku bara. Noti za karatasi zilizochapwa haraka haraka watu hawakuziamini. Basi katika karakana ya reli wakaanza kugonga sarafu. Waligonga za shaba nyeupe na nyekundu, za hela 20 na hela 5, zenye taji, herufi D.O.A., mwaka 1916 na herufi ndogo T, yaani Tabora. Waligonga pia za dhahabu, za rupia 15, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Upande mmoja tai, upande wa pili tembo na milima nyuma yake. Za dhahabu zilitoka 16,198 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini, na mchezo wa kugonga sarafu ukaishia hapo.

Leo tembo yule wa Tabora akipigwa mnada Ulaya huuzwa kwa maelfu ya dola. Mimi mwenye mji sijawahi kumshika. Nimemwona pichani tu.

Na hela yenyewe ilikufaje? Mwaka 1904 Wajerumani waliacha kuigawa rupia kwa pesa 64, wakaigawa kwa sehemu mia moja, kila sehemu wakaiita Heller. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi, na ile Heller ikawa kichuma. Lakini jina halikufa. Kila asubuhi kondakta anadai hela, mtoto anaomba hela, mama ananiuliza habari ya hela. Sarafu imekuwa kitu cha makumbusho, neno lake bado linafanya kazi sokoni kila siku, tena bure. Kwa hiyo mama alikuwa sahihi kuliko alivyojua mwenyewe. Kweli nilinunua hela kwa hela.

Sasa tuingie kwenye utetezi. Wakusanyaji tuna hoja mbili kubwa.

Hoja ya kwanza ni ile ya jamaa wa stendi: itapanda bei. Hoja hii ni tamu, na imewaponza wengi. Vijana wangapi wameacha jembe la shamba wakashika sururu, wakichimbua mawe yenye alama eti Mjerumani kafukia hazina? Wanaotajirika ni wauza ramani.

Tena sisi watu wa njia ya misafara tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na hoja hii. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo ikapita hapa kwenda Ujiji, na malipo yake yalikuwa nguo za merikani, nyaya na shanga. Stanley alipokuwa akijiandaa mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alieleza jinsi shanga zilivyomwumiza kichwa. Shanga nyekundu zilipokelewa Unyamwezi, nyingine zikakataliwa. Shanga nyeusi zilienda Ugogo, lakini kwingine hazikununua kitu. Msafiri aliyekosea rangi alibeba mzigo wa mawe kwa maili mia kadhaa, au tuseme alibebesha wapagazi, maana yeye mwenyewe hakubeba. Ushanga ni uleule, kioo ni kilekile. Kilichobadilika ni kijiji.

Hiyo ndiyo bei, ndugu zangu. Bei ni makubaliano ya watu wa mahali fulani kwa wakati fulani, na wewe uliyeko Isevya hukuitwa kwenye kikao cha makubaliano hayo. Sarafu yako inaweza kuwa na thamani kubwa London na hapa sokoni isikununulie hata fungu la nyanya. Anayekusanya ili atajirike ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara apimwe kwa vipimo vya biashara. Ana mtaji wake? Anaijua bidhaa? Ana wateja? Mimi sikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Hoja ya kwanza imeanguka.

Hoja ya pili ina heshima zaidi. Tunasema, "Tunahifadhi urithi." Tukiacha, vitu vyetu vitanunuliwa na wageni, wajukuu watakwenda kuviona nyuma ya vioo vya watu. Hoja hii niliipenda mno. Ilinifanya nijione shujaa. Nilikwenda hadi Kwihara, kwenye lile tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho, nikarudi kifua mbele. Nikasema na mimi nitakuwa na makumbusho yangu, hata kama ni kopo la maziwa chini ya kitanda.

Halafu yakatokea ya Bibi.

Huyu ni bibi wa jirani yetu, si bibi yangu wa damu, ila mtaa mzima tunamwita hivyo. Siku moja, nikiwa bado na machungu ya stendi, nilimkuta anafungua kufuli la mlango wake. Kwenye uzi wa funguo palining'inia kijichuma cha mviringo chenye tundu katikati. Moyo ukaruka. Ilikuwa hela 10, ile ya Mjerumani yenye tundu, tena halisi. Nilikuwa nimeshajifunza kwa ada ya dada, sasa najua kutazama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Salama, Bibi. Hiki kichuma cha nini tena? Niachie basi, nitakupa elfu tatu ununue sukari."

Akacheka, akafungua uzi, akanipa. "Sukari kweli imeniishia," alisema.

Nilirudi nyumbani nikiruka kama mwanambuzi. Nilijua mtalii angeweza kunipa mara kumi ya hapo. Lakini usiku usingizi haukuja, nikawa najadiliana na kopo. Stendi pale kulikuwa na mtu aliyejua na mtu asiyejua. Aliyejua alinyamaza, asiyejua akatoa fedha. Nyumbani kwa Bibi, nani alijua? Nani alinyamaza? Yule jamaa aliniuzia kitu cha bei ndogo kwa bei kubwa, mimi nimenunua kitu cha bei kubwa kwa bei ndogo. Njia tofauti, wizi mmoja. Tena mimi mbaya zaidi, kwani yeye hakuwahi kusema anahifadhi urithi.

Asubuhi nilikwenda kumweleza kila kitu. Nikamwambia ni kitu cha kale, kina wanunuzi, na mimi nilifahamu. Nilitegemea anikaripie au adai nyongeza. Bibi alivuta mkeka, akanikaribisha, akaanza kusema mambo ambayo sikumwuliza. Babu yake alichukuliwa kubeba mizigo katika vita ya Mjerumani. Wenzake wengi hawakurudi. Yeye alirudi amekonda, mguu mmoja mbovu, na mkononi vichuma vichache ambavyo muda si mrefu vikaambiwa si fedha tena. Kimoja mkewe alikitia uzi akakivaa shingoni. Kilipokuja kwa Bibi, alikifunga kwenye funguo ili zisipotee.

"Mbona uliniuzia, Bibi?"

"Ulisema kichuma," alinijibu. "Hukuuliza ni cha nani."

Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa noti. Alikuwa bado hajakwenda dukani. "Hela yako hii. Na yangu lete."

Nikampa. Sikumbembeleza.

Tangu siku hiyo hoja ya pili naitazama kwa jicho jingine. Sisemi imeanguka. Nasema ina gharama ambayo hatupendi kuilipa, na gharama hiyo haimo kwenye bei. Kichuma kile kwenye kopo langu kingekuwa hela 10 ya Mjerumani kama maelfu mengine. Kwenye uzi wa Bibi kilikuwa ujira wa mtu aliyetembea na mzigo kichwani katika vita isiyomhusu, akalipwa fedha iliyokufa mkononi mwake. Ningekiuza kwa mtalii, angepata kichuma na tundu. Babu yule angebaki hapa, hajulikani kwa yeyote, siku Bibi atakapoondoka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwaambia wenye maduka, lakini na sisi wa makopo limetupata. Mkusanyaji asiyejua kitu kilipita mikono ya nani, hakusanyi chochote. Analimbikiza tu. Aliyemwuliza mwenye nacho, akasikiliza hadi mwisho, akaandika, huyo amehifadhi hata kama ametoka mikono mitupu.

Basi, kinafaa fedha au hakifai? Nitajibu kama mtu aliyeungua, si kama mwalimu. Kwanza, kifae ama kisifae, fedha iwe yako. Ukinunua kumbukumbu kwa ada ya shule au dawa ya mgonjwa, umeshakosea kabla hata ya kuulizia bei. Pili, toa fedha ambayo uko radhi isirudi, kama unavyotoa kiingilio cha mpira. Hakuna anayetoka uwanjani akidai kurudishiwa dakika tisini. Furaha ni matumizi halali, mradi usiiite uwekezaji. Tatu, unayenunua kwake ajue unachojua wewe. Ukiona ukimwambia hatauza, basi ulichotaka kufanya si kununua.

Nimenunua daftari la sh. 1,000. Ukurasa wa kwanza ni wa babu yake Bibi, kwa maneno ya Bibi mwenyewe. Ukurasa wa pili ni wa jamaa wa stendi, nisije nikamsahau. Kopo bado lipo chini ya kitanda na rupia bandia imo ndani, sikuitupa.

Mama, jibu ni ndiyo. Nilinunua hela kwa hela, tena kwa hela ya dada. Nimeshamrudishia elfu arobaini, ishirini bado.