Dhamana Yetu ni Jina: Neno kwa Wapendwa Wenye Biashara

 

Leo tunapenda kusema na kundi moja linalokaa kati yetu kila Jumapili, lakini ambalo ni mara chache linahubiriwa: wenye biashara. Yuko mama anayepanga mafungu ya dagaa na nyanya kando ya njia. Yuko baba mwenye mashine ya kusaga, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, dada wa saluni, na yule mwenye kibanda cha pesa ya simu. Somo letu ni Matendo ya Mitume 18:1-3. Tunawaomba msome kwanza, kisha tuendelee pamoja.

Habari yenyewe ni ya mume na mke waliofukuzwa. Karibu na mwaka 49 Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi waondoke Rumi. Akila na mkewe Prisila wakafika Korintho, mji wa bandari na wa biashara nyingi. Akila hakuwa mwenyeji wa Rumi pia. Alizaliwa Ponto, upande wa kaskazini wa nchi inayoitwa leo Uturuki. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa amekwisha kujenga maisha ugenini mara moja, na sasa anaanza tena. Luka hatuambii walibeba nini. Anatuambia kitu kimoja tu: walikuwa mafundi wa kushona mahema. Na Paulo, aliyejua kazi hiyohiyo, alikaa nyumbani kwao wakafanya kazi pamoja.

Sasa fuateni safari yao. Kutoka Korintho walikwenda Efeso, na huko kanisa likakutana nyumbani mwao (1 Wakorintho 16:19). Baada ya Klaudio kufa mwaka 54, tunawakuta tena Rumi, na huko pia waamini wanakusanyika kwao (Warumi 16:3-5). Paulo anaandika kwamba walihatarisha maisha yao kwa ajili yake, na kwamba makanisa yote ya Mataifa yanawashukuru.

Wapendwa, tujiulize: ni nini kilichovuka pamoja nao kutoka mji mpaka mji? Wateja walibaki nyuma, na nyumba pia. Vilivyovuka ni viwili: ufundi wa mikono yao na jina lao jema.

Hili linatuhusu sana. Mtu akienda kukopa benki, anaulizwa dhamana: hati ya ardhi, nyumba, ng'ombe. Sisi hatuna hati. Kipande tunacholima hapa tumepewa kutumia, hatuwezi kukiuza. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na biashara, nasi tunaishukuru nchi hii. Lakini hakuna sheria inayoweza kumlazimisha jirani akuamini. Dhamana yetu ni jina. Likivunjika, mtaji wote umekwisha hata kama rafu za duka zimejaa. Kwa hiyo tunataka kutaja sehemu nne ambamo jina hujengwa au huvunjwa.

Ya kwanza ni kipimo. Someni Walawi 19:33-36. Hapo Mungu anawaagiza Waisraeli wampende mgeni anayekaa kwao, kwa kuwa wao pia walikuwa wageni Misri. Mstari unaofuata mara moja unaamuru mizani ya haki na vipimo vya haki. Mambo haya mawili yamewekwa pamoja, kwa maana mgeni ndiye rahisi kupunjwa: hajui bei, hajui lugha, hana mahali pa kushtaki. Familia iliyofika jana kutoka mpakani, watoto wana vumbi, ikinunua unga kwako kwa kopo lililobonyezwa chini, umemwibia yule uliyekuwa wewe siku ile uliyofika.

Ya pili ni mfuko. Biashara nyingi hapa haziuawi na mwizi. Zinauawa na mwenyewe, anayekula mtaji akidhani anakula faida. Tuchukue mfano. Mama ananunua bidhaa za shilingi 100,000, anaziuza zote, mkononi zina 115,000. Anafurahi, ananunua kitenge. Lakini zile 100,000 si zake za kutumia. Hizo ni mbegu. Zilizozaliwa ni 15,000. Akitoa nauli ya 5,000, zimebaki 10,000. Basi ajipangie: nusu iongeze bidhaa, nusu iingie jikoni, na ajilipe hivyo kama anavyomlipa mfanyakazi. Haya yote yaandikwe kwenye daftari kila jioni, kabla ya kulala. Na daftari lisiwe siri ya mmoja. Katika Maandiko Akila na Prisila hutajwa pamoja kila mara, na mara nyingine jina la mke linatangulia. Mume ambaye mke wake hajui duka linadaiwa kiasi gani, siku akiugua, duka litakufa kabla yake.

Ya tatu ni mkopo, na hapa tunaomba mtuvumilie, maana jambo hili linaumiza watu. Tunajua mgao ulivyopungua. Aprili 2020 ulipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi, wengine wakapata kidogo zaidi, wengine wakatolewa kabisa. Tangu hapo wako wanaoweka kadi ya familia rehani ili watoto wale kabla ya siku ya mgao. Tuseme mtu amekopa 20,000 na mwisho wa mwezi analipa 30,000. Hiyo ni 50 kwa mia kwa mwezi mmoja. Mwezi unaofuata anakopa tena, kwa sababu alichopokea amekwisha kukitoa chote. Na kadi haikai nyumbani kwake, inakaa kwenye droo ya mpendwa anayeshiriki naye meza ya Bwana.

Someni Nehemia 5. Kulikuwa na njaa. Watu waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba, wengine wakawatoa watoto wao utumwani. Waliowakopesha hawakuwa wageni, walikuwa ndugu zao, watu wa taifa lililotoka uhamishoni. Nehemia alikasirika. Akasema kwamba wamekuwa wakiwakomboa ndugu zao kutoka kwa mataifa, na sasa wao wenyewe wanawauza. Riba iliyomkasirisha inatajwa kuwa sehemu moja ya mia, na walimu wengi wa Maandiko wanaielewa kuwa ya kila mwezi. Moja kwa mia! Tuilinganishe na 50.

Lakini tazameni alivyoongoza. Nehemia hakusema, "Ninyi acheni." Yeye na watumishi wake pia walikuwa wamekopesha fedha na nafaka, basi akasema tuache sote, akajihesabu ndani. Na kwa miaka 12 ya uliwali wake hakula posho ya liwali, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Huo ndio uongozi wa mwenye mali: kukata kwanza upande wako.

Je, tuache kukopeshana? Hapana. Iko njia iliyo bora, nayo tunaijua tangu nyumbani kwa likelemba. Vikundi vya akiba vinafanya vizuri zaidi: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na anayetunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, na riba ndogo inayolipwa hugawanywa kwa wanachama mwisho wa mwaka. Ule utaratibu wa kufuli tatu haumtukani mtunzaji. Unamlinda asijaribiwe, na unalinda jina lake asisingiziwe.

Nanyi mnaokopa, msifurahi mapema. Wako wanaochukua sabuni na sukari kwa deni, wakisema, "Sisi ni ndugu katika Kristo." Kisha miezi mitatu wanapita njia ya nyuma ili mwenye duka asiwaone, na Jumapili wanaimba kwaya kwa sauti kubwa. Undugu katika Kristo ni sababu ya kulipa upesi zaidi. Duka la mama mjane likifungwa kwa madeni ya waamini, kanisa ndilo limelifunga. Kama huna, nenda umwambie uso kwa uso, mpange kidogo kidogo.

Ya nne ni mfanyakazi. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaagiza kibarua maskini alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijachwa, awe ndugu au mgeni, kwa sababu moyo wake unautumainia ujira huo. Kijana anayekubebea magunia, msichana anayefua, fundi anayeshona kwa cherehani yako, hao wana watoto wanaongoja jioni. Usimwambie, "Njoo kesho," na huku zipo mfukoni. Tena mfundishe kazi. Paulo hakufika kwa Akila kama mzigo. Alipewa nafasi ya kushona. Kumpa mtu ufundi ni kumpa kitu ambacho vita haiwezi kuchoma na mpaka hauwezi kuzuia.

Mpendwa mwenye biashara, huenda huna cheo chochote kanisani. Lakini watu wengi wanakutegemea kwa chakula cha jioni kuliko unavyodhani, na watoto wanajifunza haki au udanganyifu mbele ya meza yako kabla ya kujifunza shule ya Jumapili. Wewe ni kiongozi tayari.

Basi wiki hii tufanye manne. Anayepima, akague kipimo chake. Anayeuza, afungue daftari na kulisoma pamoja na wa nyumbani mwake. Aliye na kadi ya mtu kwenye droo, airudishe kabla ya siku ya mgao, na waelewane deni lililo la haki. Anayedaiwa, iwe mshahara au bidhaa, asingoje kufuatwa.

Siku moja baadhi yetu watarudi nyumbani, wengine watapelekwa nchi za mbali, wengine watazeeka hapa. Popote tutakapofika, Bwana atujalie majina yetu yatangulie kwa wema, kama lilivyotangulia la Akila na Prisila, na milango yetu iwe wazi kwa kanisa lake.

Bwana awabariki na kuzibariki kazi za mikono yenu. Amina.