Fumbo la Azimio 242: Utata wa Lugha na Haki baina ya Waisraeli na Wapalestina

Tarehe 22 Novemba 1967, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 242 kwa kauli moja. Matini ya Kiingereza, iliyowasilishwa na mjumbe wa Uingereza, Lord Caradon, ilitaka majeshi ya Israeli yaondoke katika maeneo yaliyotekwa vitani mwaka huo, bila kibainishi cha kuonyesha kwamba ni maeneo yote. Matini ya Kifaransa husomeka kana kwamba ni yote. Kiswahili, kisichokuwa na kibainishi cha aina hiyo, hubeba maana zote mbili. Mfasiri akiongeza “yote” au “baadhi ya”, amekwisha kuchukua upande.

Swali la kimaadili linalozuka ni hili: je, ni haki mpatanishi kutumia utata makusudi, ili mahasimu wayakubali maneno wasiyokubaliana maana yake?

Wanaoutetea utata hudai kwamba bila huo azimio lisingepita, na historia inawapa ushahidi. Azimio hilo lilikuwa msingi wa mkataba wa Misri na Israeli wa mwaka 1979. Kufikia Aprili 1982 Israeli iliondoka Sinai, na ubishi uliosalia kuhusu Taba ukaamuliwa na jopo la usuluhishi mwaka 1988. Hata hivyo, Misri ilikuwa dola yenye jeshi, na mwamuzi alikubaliwa na pande zote mbili. Wapalestina, ambao azimio haliwataji kwa jina bali linataja tu tatizo la wakimbizi, hawakuwa na dola wala mwamuzi. Mapatano ya Oslo ya mwaka 1993 nayo yaliahirisha masuala ya Yerusalemu, wakimbizi, mipaka na makazi ya walowezi. Maana iliposubiri, ujenzi wa makazi haukusubiri.

Wahenga walisema: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling’amua. Hapa wote ni werevu. Walichotofautiana ni nguvu. Katika ushairi fumbo halimdhuru msomaji, kwani hakuna msomaji mwenye vifaru vya kuilazimisha tafsiri yake. Katika diplomasia, tafsiri ya mwenye nguvu hugeuka mpaka.

Uwazi haudaiwi kwa manufaa ya upande mmoja. Azimio lilo hilo linatambua haki ya kila dola ya eneo hilo kuishi kwa amani ndani ya mipaka salama. Mauaji ya tarehe 7 Oktoba 2023 na vita vilivyoiangamiza Gaza baadaye vinadhihirisha kwamba hakuna upande uliopata usalama huo.

Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa rai kwamba ukaliaji wa maeneo hayo ni haramu na ukomeshwe haraka iwezekanavyo. Rai hiyo ni ya ushauri tu, lakini imelifumbua fumbo. Kosa la kimaadili, basi, halimo katika kufumba, maana huenda mwaka 1967 hapakuwa na njia nyingine. Limo katika kufumba, kisha kumkataa mfumbuzi. Dola inayojiita mpatanishi haina budi kumkubali mwamuzi, hata pale uamuzi unapomchoma rafiki yake.