Ada ya Shule na Mama wa Wana wa Zebedayo



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, ndugu wawili wa parishi yetu walisimama chini ya mwembe wakibishana hata chai yao ikapoa. Hawakubishana juu ya mpira wala juu ya ujenzi wa nyumba ya padre. Walibishana juu ya kodi ya Uingereza. Mmoja ana binti aliyeolewa huko, na wajukuu wake husoma katika shule ya kulipia. Mwingine ni mwalimu mstaafu wa shule ya serikali hapa hapa kwetu. Wa kwanza alisema kuwa serikali ya Uingereza imetenda dhambi kutoza kodi elimu ya watoto. Wa pili alisema kuwa imechelewa miaka mia. Tuliombwa tuseme neno katika gazeti letu, nasi tumekubali, kwa maana jambo hili, ingawa ni la mbali, mizizi yake imo katika Kanisa letu wenyewe, na tawi lake moja limekwisha fika mlangoni petu.

Kwanza tueleze jambo lilivyo, maana mabishano mengi chini ya mwembe hupungukiwa na habari. Tangu tarehe 1 Januari 2025 ada za shule za binafsi nchini Uingereza hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 20. Kabla ya hapo zilikuwa zimesamehewa. Chama cha Labour kiliahidi hivyo kabla ya uchaguzi wa Julai 2024, nacho kiliposhinda kikatimiza, kikisema kuwa fedha hizo zitasaidia shule za serikali, na hasa kuajiri walimu 6,500 zaidi. Serikali ilikisia kupata kiasi cha pauni bilioni 1.5 katika mwaka wa fedha 2025/26. Ilikisia pia kwamba ada zingepanda kwa wastani wa asilimia 10 tu, kwa kuwa shule sasa zaweza kudai kurudishiwa kodi zinayolipa zinunuapo vitu vyake. Na kwamba baada ya miaka kadhaa watoto wapatao 37,000 wangekuwa wameondoka katika shule hizo au hawakuingia kabisa. Wazazi kadhaa walikwenda Mahakama Kuu kupinga, wengine wakiwa na watoto wenye mahitaji maalumu, wengine wakiwa ni wa shule ndogo za Kikristo. Mwezi wa Juni 2025 mahakama iliyakataa madai yao.

Katika England, watoto kama 7 tu katika kila 100 husoma katika shule za kulipia. Tukiambiwa idadi hiyo twaweza kujiuliza, kelele zote hizi za nini? Lakini hao saba ndio tuwakutao baadaye, kupita kiasi cha idadi yao, katika viti vya majaji, vya majenerali, vya mawaziri, na tusifiche, hata katika viti vya maaskofu.

Sasa kuhusu mizizi. Mwaka 1382 William wa Wykeham, Askofu wa Winchester, aliweka msingi wa shule katika mji wake kwa ajili ya wanafunzi maskini 70. Mwaka 1440 Mfalme Henry wa Sita akamwiga, akaanzisha shule ya Eton, nayo kwa wanafunzi maskini 70. Mwaka 1619 Edward Alleyn, mtu aliyepata mali yake kwa michezo ya kuigiza, akaanzisha chuo cha Dulwich kwa ajili ya wavulana maskini 12. Basi katika shule hiyo ya Dulwich ndimo alimosoma Frank Weston, ambaye wazee wetu walimjua kama Askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908 mpaka alipofariki mwaka 1924, na kabla ya uaskofu alikuwa mkuu wa chuo cha Kiungani, ambacho misheni ilikianza kwa ajili ya vijana waliokombolewa kutoka utumwani. Hivyo sadaka ya mwigizaji wa London kwa watoto 12 maskini ilivuka bahari, ikatufikia sisi.

Lakini leo ukitaka mwanao asome Eton, utalipa zaidi ya pauni 60,000 kwa mwaka pamoja na kodi. Ilikuwaje shule ya maskini 70 ikawa hivyo? Hakuna aliyevunja mlango usiku na kuwatoa maskini. Shule iliruhusu wachache wenye uwezo waketi pamoja na wale wa bure, nao wakalipa. Bila shaka kila mkuu wa shule alikuwa na paa linalovuja na mwalimu anayedai mshahara, na ada ya hao wachache ilikuwa msaada mkubwa. Basi wakaongezwa kidogo, na kidogo tena. Baada ya miaka mia kadhaa wale wa kulipa wakawa ndio shule, na wale wa bure wakawa kumbukumbu ya heshima. Tunadhani hakuna hata mmoja katika safari hiyo aliyejiona anatenda ubaya. Ndilo linalotutisha katika habari hii.

Ni haki kusema pia kwamba Kanisa la Uingereza lilikuwa na mkondo mwingine. Mwaka 1811 liliunda chama cha kitaifa cha kuwafundisha watoto wa maskini, na kwa mkondo huo leo lina shule zaidi ya 4,000 ndani ya mpango wa serikali, zenye watoto wapatao milioni moja, ambao hawalipi ada. Hata huko binadamu ni binadamu. Shule ya kanisa ikisifika, wazazi ambao hawakuonekana ibadani tangu harusi yao huanza kuhudhuria kila Jumapili, na padre huombwa atie sahihi kwenye fomu kuthibitisha uaminifu wao. Mapadre wetu hapa wangefurahi kuona kanisa limejaa, lakini sijui wangetia sahihi kwa moyo gani.

Turudi kwenye hoja za wale ndugu wawili. Yule babu wa wajukuu alisema: mzazi wa shule ya kulipia hulipa mara mbili, kwa maana hulipa kodi ya kuendesha shule za serikali, na hatumii nafasi yake. Hoja hii ina nguvu kidogo kuliko inavyosikika. Mtu aliyechimba kisima uani kwake hasamehewi mchango wa bomba la kijiji, na asiye na mtoto hulipa kodi ya shule bila kunung'unika. Shule ya kijiji ndiyo inayomfundisha muuguzi atakayetufunga kidonda, na sisi sote tu wagonjwa wake.

Hoja yake ya pili ilikuwa nzito zaidi. Alisema kuwa kodi moja humpiga tajiri wa Eton na mzazi wa shule ndogo ya Kikristo, ambaye ameuza gari lake ili alipe ada, na kwamba tajiri hataisikia, bali huyu wa pili ndiye atakayemwondoa mtoto. Hili ni kweli, wala yule mwalimu hakulijibu vizuri. Kodi haioni nyuso. Na tuongeze jingine alilolisahau: huko Uingereza mwenye fedha aweza kununua nyumba ya bei kubwa karibu na shule nzuri ya serikali, mwanawe akaingia bila kulipa ada, na hakuna anayeiita nyumba hiyo ada ya shule. Kodi hii haimgusi mtu huyo. Yeye husifiwa kuwa ni raia mwema anayetumia shule za wananchi.

Pamoja na hayo sisi hatuoni kwamba kodi hii ni dhuluma. Si kweli kwamba imetozwa elimu; elimu iko wazi bure katika shule ya serikali. Kinachotozwa ni kununua elimu ya kando, na kama serikali hutoza kodi viatu vya mtu mzima na dawa ya mswaki, si ajabu ikitoza hiki. Tunasema tu kwamba kodi hii haiwezi kufanya kazi ile ambayo yule mwalimu anaitumainia.

Tukumbuke mama wa wana wa Zebedayo, katika Mathayo 20. Alimwendea Bwana akaomba wanawe wawili waketi, mmoja kuume na mmoja kushoto, katika ufalme wake. Hakuomba wengine wanyang'anywe. Hakumchukia Petro. Aliwapenda wanawe tu, na upendo wake ulipohesabu viti vilivyo bora, vilikuwa viwili. Wale kumi walikasirika, na sisi tunashuku kwamba baadhi yao walikasirika kwa sababu mama zao hawakuwahi kufikiri hivyo mapema. Bwana hakumkemea kwa kuwapenda wanawe. Aliwauliza wanawe juu ya kikombe, kisha akawaita wale kumi pia, akasema nao wote pamoja juu ya kutumika.

Mzazi anayelipa ada ni huyo mama. Hatuwezi kumwambia ampende mwanawe kidogo. Lakini tuangalie anachokwenda nacho anapoondoka katika shule ya wote. Watu husema ameondoka na fedha zake. Hapana, fedha zake zilibaki, ndiyo maana analalamika kulipa mara mbili. Ameondoka na ulimi wake. Yeye ndiye anayejua barua huandikwaje kwa ofisa elimu. Yeye ndiye anayethubutu kumwuliza mwalimu mkuu, Vitabu vilivyoletwa viko wapi? Yeye hajui kuogopa ofisi. Shule ikibaki na wazazi ambao huvua kofia mlangoni na kusema ndiyo mzee, paa laweza kuvuja miaka 10. Serikali ya Uingereza imepata njia ya kutoza asilimia 20 ya ada. Haijapata njia ya kutoza asilimia 20 ya ulimi.

Na hapa tunafika mlangoni petu. Tanzania ilijibu swali hili kwa namna yake baada ya Azimio la Arusha. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za misheni ziliingizwa chini ya serikali, na Minaki yetu ikiwa mojawapo, ili mtoto asichaguliwe kwa dini yake wala kwa mfuko wa baba yake. Baadaye milango ya shule za binafsi ilifunguliwa tena, na makanisa yakarudi katika kazi hiyo, Kanisa letu likiwamo. Kodi kama ile ya Uingereza hatuna. Sheria yetu ya mwaka 2014 ilisamehe huduma za elimu. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazidai ada mpaka kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 mpaka kidato cha sita. Madarasa yamejaa watoto, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, ingawa mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake huenda akashukuru kwa sauti ya chini.

Simameni barabarani mbele ya kanisa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtaona mabasi ya shule yakiwachukua watoto waliolala kwenye viti, wakipelekwa shule zifundishazo kwa Kiingereza. Wengi ni watoto wetu. Ni watoto wa wazee wa kanisa, wa wahasibu, wa wauguzi, na tukiri, ni watoto wa walimu wanaofundisha katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya ukuta wetu. Sisi tunaoandika haya tumo. Wawili kati yetu tulitazamana tulipofika kwenye aya hii, na mmoja akapendekeza iondolewe. Tumeiacha.

Hatusemi mabasi yarudi. Mtoto mdogo si wa kutolewa sadaka ili baba yake aonekane mwenye msimamo. Hata shule za Kanisa letu wenyewe zinadai ada, na wakuu wake wana paa linalovuja kama wale wa zamani. Hao wawekewe nafasi za watoto wa bure, zihesabiwe kila mwaka mbele ya Sinodi, ili tujue mapema zinapoanza kupungua. Lakini mzazi ambaye mwanawe amepanda basi bado anao ulimi, na hakuna sheria inayosema autumie tu mahali anapolipa.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi jirani ametuandikia mara tatu kuomba waumini wenye ujuzi wa hesabu na ujenzi waje kukaa pamoja na kamati ya shule, hata kama watoto wao hawasomi pale. Vyoo vya wasichana vimebomoka upande mmoja, na makadirio yaliyoletwa na fundi hayaeleweki na mtu yeyote katika kamati. Barua ya tatu ilisomwa katika Halmashauri ya Parishi ikawekwa katika faili. Tumeitoa katika faili. Kamati hukutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa tatu asubuhi, katika darasa la sita, na wale ndugu wawili wa chini ya mwembe wamekwisha andikisha majina yao, ingawa wameomba wasiketi karibu.