Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Mtoto wa Kivu, mashariki mwa Kongo, huisikia methali hii tangu angali mdogo, na karibu kila mara huelezwa kwa namna moja: umoja ni nguvu, basi shirikianeni. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaacha nje sehemu iliyo nzito zaidi. Kama hoja ingekuwa nguvu, dole gumba moja lingetosha kabisa kumponda mdudu mdogo vile. Kinachokosekana ni mahali pa kumbania. Ukimsukuma, anasogea. Hufa pale tu ukucha wa pili unapokuja kutoka upande wa pili na kukataa kusogea. Methali inazungumzia zaidi kidole kinachokukabili kuliko wingi wa vidole.

Sijaona kazi inayoiweka wazi maana hii kuliko kufufua Land Rover kuukuu, na Masisi ni mahali pake hasa. Barabara inayopanda kutoka Sake kwenda kwenye malisho ya ng'ombe ni matope na makorongo, na Land Rover za miaka mingi ni miongoni mwa magari machache yanayothubutu kuipita na watu, maharage na jibini. Walikale hali ni ngumu zaidi. Kasiterite, madini ya bati, ya Bisie ilibebwa migongoni mwa watu msituni hadi Njingala, kisha ndege ndogo zikawa zinatua Kilambo, juu ya kipande cha lami cha barabara yenyewe, kuipeleka Goma. Katika nchi ya namna hiyo, gari moja bovu lililolala nyuma ya nyumba ni mali inayostahili kuhangaikiwa.

Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu, ndiyo maana bodi yake ikaundwa kwa aluminiamu. Hapo ndipo penye mtego kwa mwenye gari. Bodi hailiwi na kutu, lakini chasisi ya chuma inayoibeba huoza kuanzia ndani, maana ina uwazi katikati na tope likishaingia humo halitoki kirahisi. Juu utaona mabonde tu na rangi iliyopauka, ukafurahi. Ingia chini, gonga kwa nyundo: pengine nyundo inazama.

Mwenye gari, kwa mapenzi, hutaka kuanza na rangi. Rafiki wa kweli ndiye anayesema, "Hapana, ndugu yangu, kwanza chasisi." Anayekubali kila neno lako anasukuma upande uleule unaosukuma wewe, na chawa anazidi kusogea mbele yenu wote wawili. Hata bonde la mlango linadai mtu wa kukukabili. Mmoja hushikilia kipande kizito cha chuma kwa ndani, mwingine hugonga taratibu kwa nje. Bila yule wa ndani kukaza mkono, aluminiamu husogea tu mbele ya nyundo na bonde halinyooki vizuri.

Lakini somo kubwa liko kwenye breki. Upepo ukiingia katika mirija ya mafuta ya breki, pedeli hulegea na kuzama. Kuutoa kwa njia ya kawaida ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani, mwingine hulala chini ya gari, karibu na gurudumu, na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa yenye mafuta. "Kanyaga!" Anakanyaga. "Shikilia!" Anashikilia, na wa chini anafungua skrubu ndogo ya kutolea upepo, mapovu yanatoka. Anafunga. "Achia!" Aliye juu akiachia kabla skrubu haijafungwa, upepo unaweza kuvutwa tena ndani na kazi ikarudi mwanzo.

Tazama walivyo: wa juu hayaoni mapovu, wa chini haioni pedeli. Kila mmoja anajua nusu ya ukweli, na nusu ya pili anaipata kwa mdomo wa mwenzake. Wa chini akichoka na kusema "upepo umekwisha" ilhali haujaisha, uongo huo utajulikana siku gari limejaa abiria likiteremka kuelekea Sake. Urafiki ambao methali inausifu umejengwa juu ya neno la kuaminika, mkono ukifuata baadaye.

Sidharau msaada wa aina nyingine. Gari likinasa kwenye tope, kijiji kizima husukuma upande mmoja, na likelemba, yaani mchango wa zamu, huweza kumpa mtu hela ya kununua vipuri. Hizo ni neema, ila methali hii inadai zaidi ya hapo.

Inadai hata kwetu tunaojua maana ya kukabiliana vibaya. Mwaka 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, majirani wakageukiana. Mwaka 2025, kati ya Januari na Machi, Masisi-centre na kisha Walikale-centre zilitekwa, na watu wakakimbia tena. Kucha mbili zinazokabiliana bila chawa katikati zinaumizana zenyewe. Kinachotofautisha mafundi wawili wanaobishana na mahasimu wawili ni lile tatizo moja ambalo wote wawili wamelibana, na hakuna kati yao anayemwona mwenzake kuwa ndiye tatizo.

Kwa hiyo nawasihi wenye garaji, kuanzia Sake hadi Walikale: mkimpokea kijana wa kufundishwa kazi, mpokeeni pamoja na mwingine asiyetoka nyumba moja naye. Breki ya kwanza watakayoitoa upepo waiteni wote wawili, mmoja juu na mmoja chini, na kabla ya gurudumu la mwisho wabadilishane nafasi.