Najashi, T'Challa na mlango uliofungwa



Je, mwenye neema ana haki ya kujificha nayo? Swali hili limenijia kwa njia ambayo baadhi yenu mtaiona ya kitoto. Likizo iliyopita, nyumbani Buhinyuza upande wa Muyinga, nilikuwa napaka rangi kisanamu cha plastiki cha Black Panther ambacho mdogo wangu aliletewa na jamaa aliyetoka Ulaya. Vinauzwa hivyo, vya kijivu kitupu, mnunuzi anapaka mwenyewe. Kazi yake ni ya siku kadhaa. Kila nikisubiri rangi ikauke naitazama tena filamu kwenye kompyuta, na usiku nasoma vitabu vyake vya katuni kwenye simu.

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, naujua ukali wa hadithi zilizokuja juu ya wenye kutengeneza sanamu za viumbe. Nakijua pia kisa cha Bibi Aisha (r.a.) na wanasesere wake, ambacho wanazuoni wengi wamekitegemea kuruhusu vitu vya kuchezea watoto. Hiki ni cha kuchezea mtoto, hakitawekwa sebuleni kama pambo. Mwenye kuona vinginevyo namheshimu. Ila nimeona katika vikao vyetu tunaweza kubishana saa mbili juu ya plastiki ya sentimita nne, na asitokee hata mmoja wa kuuliza juu ya mfalme mwenyewe na jinsi alivyoishi na jirani zake. Mimi nataka kuuliza hilo.

T'Challa aliingia vitabuni mwaka 1966, katika toleo la 52 la Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Tangu mwanzo nchi yake Wakanda ni tajiri na imejitenga, ikilinda madini yake ya vibranium. Filamu ya Ryan Coogler ya mwaka 2018, ile ambayo Kisumu ilifanyiwa uzinduzi kwa heshima ya Lupita Nyong'o, ilikuchukua kujificha huko ikakufanya ndiyo kesi yenyewe. Wakanda inajionyesha kwa dunia kuwa nchi maskini ya wafugaji, kumbe nyuma ya pazia kuna hospitali zinazotibu jeraha la risasi kwa siku moja. Biashara ya utumwa ikapita, ukoloni ukapita, wao kimya.

Kimya hicho kina gharama, na filamu inaionyesha kwa mtoto mmoja. Mwaka 1992, huko Oakland, Mfalme T'Chaka anamuua ndugu yake aliyetaka silaha za Wakanda ziwafikie weusi wanaoonewa, kisha anamwacha mwana wa marehemu huko huko ili siri isivuje. Mtoto huyo ndiye Killmonger. Katika vitabu vya Don McGregor vya miaka ya 1970 Killmonger si ndugu wa T'Challa. Filamu imemfanya mtoto wa baba yake mdogo, na naona hapo imepatia, maana mlango uliofungwa dhidi ya wageni umemfungia nje mtoto wa nyumba. Nina lawama moja tu: wamempa Killmonger mauaji mengi kiasi kwamba mtazamaji anaweza kumhukumu bila kulijibu swali lake.

Anayetetea mlango ufungwe ni W'Kabi, rafiki wa mfalme. Hoja yake ni kwamba ukiwaingiza wakimbizi, wataingia na matatizo yao, na Wakanda itakuwa kama kwingine. Mara ya kwanza niliyapita maneno haya bila kuyajali. Safari hii yalinishtua, kwa sababu nimeyasikia sokoni kwetu, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na waliokuwa wanasemwa ni Wakongomani wa kambi ya Kinama, kule Gasorwe, humu humu Muyinga. Sisi hatuna vibranium. Tuna maharage, mihogo na kahawa, na mashamba yanayogawanywa kila kizazi mpaka mtu anarithi mistari michache. Hata hivyo maneno ni yale yale ya nchi yenye kila kitu. Tena tunayasema sisi, ambao wazee wetu walivuka mpaka kwenda Tanzania na vifurushi kichwani. Waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na baadaye zaidi ya 160,000, wao na watoto wao, wakapewa uraia.

Sasa, ndugu yangu, sisi hatuhitaji kumsubiri mfalme wa katuni. Afrika ya upande wetu huu ilikuwa na mfalme wa kweli aliyewekwa kwenye mtihani huo huo. Karibu na mwaka 615 Waislamu wa Makka, wakiwa wanateswa, waliambiwa na Mtume (s.a.w.) waende Uhabeshi, kwa kuwa kule kuna mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Makureshi wakawafuata kwa wajumbe wawili, Amr bin al-As na Abdullah bin Abi Rabia, wamebeba zawadi za ngozi kwa mfalme na kwa wakuu wake. Walichoomba ni kidogo tu: turudishieni watu wetu. Wakuu wakakubali palepale. Najashi akasema hapana, mpaka awasikie wenyewe. Ja'far bin Abi Talib akasimama akaeleza, akasoma mwanzo wa Surat Maryam, na mfalme akalia. Zawadi zikarudishwa.

Tofauti yake na T'Chaka ni hiyo ya kuwasikia wenyewe. T'Chaka alimhukumu mtoto bila kumsikia, akiwa na kila uwezo wa kumchukua akaenda naye. Najashi aliambiwa habari za wageni na mahasimu wao, pamoja na zawadi juu yake, na bado alitaka kauli kutoka vinywani mwao. Ni wangapi kati yetu wamewahi kukaa na mtu wa Kinama akawaeleza kilichomtoa Kivu?

Utasema: lakini W'Kabi hakukosea kuhusu bei. Kweli, hakukosea. Filamu ya pili, ya mwaka 2022, ni kana kwamba imetengenezwa kumtetea. Wakanda imejifungua, na mara askari wa kukodiwa wanavamia kituo chake huko Mali wakitafuta vibranium, na kabla filamu haijaisha mji umefurikishwa na malkia amekufa. Hili tusilifiche. Anayewahubiria watu ukarimu huku akiwaambia hautawagharimu kitu anawadanganya, na wakishagharimika hawatamsikiliza tena. Ansari waliosifiwa katika Surat al-Hashr, aya ya 9, walisifiwa kwa sababu walitoa wakiwa wenyewe wahitaji. Na hapa kwetu, baada ya kuuawa Rais Ndadaye Oktoba 1993, mitaa mingi ya Bujumbura ilipogawanyika kikabila, Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa misikiti, iliwahifadhi Wahutu na Watutsi kwa pamoja. Buyenzi haikuwa tajiri, na kumficha mtu siku zile kulikuwa ni kuiweka hatarini nyumba yako na watoto wako.

Kinachonisumbua kwenye mwisho wa filamu ya kwanza ni kingine. T'Challa akiamua kutubu kwa niaba ya baba zake, anakwenda kununua majengo Oakland, Marekani. Ni jambo jema, deni liko pale. Lakini baadhi ya ramani za Marvel zinaiweka Wakanda kwenye Ziwa Turkana. Magharibi ya ziwa hilo iko kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka ule ule wa 1992 kwa vijana waliokimbia vita vya Sudan kwa miguu. Filamu haiwaoni. Mkarimu wa mbali hupigwa picha, ilhali jirani anabaki kuwa jirani tu.

Najashi naye alilipa. Wapokezi wa sira wanasimulia kwamba watu wake walimwasi, wakisema ameiacha dini yao. Kabla hajatoka kwenda kuwakabili, aliwaandalia wageni wake majahazi, akawaambia wapande wakae humo: nikishindwa, nendeni mtakako, nikishinda, bakini.