Kupika Nako Kuna Risiti?

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Nimekua nikiisikia methali hii Tunduma, mji wa mpakani ambako kila mtu ananoa cha kwake. Sijasikia mtu akiuliza habari za mpini, ingawa kisu kisicho na mpini humkata kwanza anayekishika.

Binadamu walilijua hilo zamani sana. Katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alifanya utafiti katika bonde la Mto Songwe na ukanda wa Ziwa Rukwa, akakuta zana za Zama za Mawe za Kati. Zama hizo zilianza Afrika takriban miaka 300,000 iliyopita. Mojawapo ya alama zake ni ncha za mawe zilizochongwa ili zifungwe kwenye mti ziwe mkuki.

Kufunga huko kulikuwa kazi kubwa. Mti ukatwe na kunyooshwa, kamba isokotwe, gundi ipikwe. Lyn Wadley, aliyechimba pango la Sibudu huko Afrika Kusini, alijaribu kutengeneza upya gundi ya kale kwa utomvu wa mgunga na udongo mwekundu. Utomvu mtupu hauaminiki: ukikauka huvunjika, na hewa ikiwa na unyevu hulainika. Ukichanganywa na udongo ule na kukaushwa taratibu kando ya moto, hushika. Moto ukizidi, kazi yote imeharibika. Mtu alilazimika kukaa hapo na kuuangalia.

Leo mti umeoza, kamba imeoza, na gundi imebaki madoa tu kwenye mawe machache. Jiwe limedumu, nasi tukaziita Zama za Mawe. Ni mara chache sana mti hupona, kama kule maporomoko ya Kalambo, kaskazini-magharibi ya Tunduma, ambako ardhi yenye maji ilihifadhi magogo mawili yaliyochongwa yakapachikwa moja juu ya jingine. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 ulionesha kuwa yana umri wa angalau miaka 476,000.

Nilikuwa nikisoma habari hizo wakati mama yangu mdogo alipokuwa akiachana na mumewe, Mbozi. Katika kikao cha ukoo mzee mmoja alimuuliza kwa upole kabisa: "Mama Neema, shamba la kahawa lina jina la nani? Risiti za mbolea zina jina la nani? Wewe ulichangia nini?"

Mama mdogo alikuwa amepalilia shamba lile miaka kumi na tisa. Alikuwa amemuuguza mama mkwe mpaka siku ya kumzika. Akajibu: "Shikamoo baba. Kupika nako kuna risiti?"

Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja inapogawa mali. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupewa mgao, lakini kanuni ilibaki. Kwenye kikao kile hakuna aliyeitaja.

Mtu anaweza kusema kwamba bila ushahidi kila mmoja atadai chochote. Ni hoja ya haki. Lakini mwanaakiolojia hahitaji kuuona mpini ili aamini ulikuwepo. Hutazama kitako cha jiwe. Makali ya mbele ni ya mnyama. Kitako kikipunguzwa unene, ni kwa ajili ya mti. Huko Marekani, wawindaji wa miaka kama 13,000 iliyopita walichonga mfereji kabisa, kuanzia kitakoni kwenda juu, kila upande wa ncha. Jiwe lenyewe linashuhudia kwamba halikufanya kazi peke yake.

Mali nayo ina kitako chake. Mume wa mama mdogo aliondoka alfajiri kufuata bei ya kahawa, akarudi usiku. Watoto walikuwa wamekula, wamevaa sare, mama yake amegeuzwa kitandani. Muda wake wa kuondoka ndio mfereji, na kuna mtu aliyekaa ndani yake.

Kwa hiyo naona swali la kikao lilielekezwa kwa mtu asiye sahihi. Anayedai alifika peke yake ndiye alete ushahidi.